Mapigo Mia na Thelathini na Nane

Mimi nilikuwa karani wa kadi. Nasema mapema, kwa sababu watu wakisikia nilifanya kazi kwenye klabu ya gofu Kampala wakati wa wanajeshi, hudhani ama nilikuwa mpelelezi ama nilikuwa tajiri, na sikuwa hata kimoja. Kazi yangu ilikuwa kukusanya kadi za wachezaji, kujumlisha, kisha kusimama barazani jioni na kuzisoma kwa sauti: fulani, mapigo kadhaa. Desturi hiyo waliianzisha Waingereza, na wakubwa wapya waliipenda kuliko desturi nyingine zote, kwa kuwa ilitaja majina yao mbele za watu.

Kwa asiyejua mchezo wenyewe: kuna mpira mdogo mweupe, kuna vyuma vya kuupigia, na kuna mashimo kumi na manane yaliyotawanywa bondeni, kila moja na bendera yake. Unapiga mpaka mpira uingie shimoni, unaandika umepiga mara ngapi, unakwenda shimo linalofuata. Mwishoni mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Machache. Naomba neno hilo ulishike vizuri, maana kuna mtu mmoja hakulishika, na mtu huyo alikuwa na bastola.

Kanali Zubairi alikuwa mwenyekiti wetu tangu mwaka 1973. Hakuna aliyemchagua. Alikuja na magari mawili, akauliza kiti cha mwenyekiti ni kipi, akakikalia. Katika mashindano yake ya kwanza alicheza kuanzia asubuhi hadi saa kumi jioni. Alipiga mpira, alipiga nyasi, alipiga mti mmoja mpaka ukatoka maganda. Nikajumlisha, nikasimama, nikasoma. Daktari mmoja, mzee mpole, mapigo themanini na moja. Bwana mmoja wa benki, tisini. Kanali Zubairi, mia na arobaini na tisa.

Kanali akaruka kutoka kitini, mikono juu.

"Mia na arobaini na tisa! Nyinyi yote nasikia? Hii daktari themanini tu! Themanini!"

Akaenda mezani, akajichukulia kikombe mwenyewe.

Katibu wa klabu alikuwa ami yangu, Mzee Tajudin. Sisi ni watu wa Nateete, babu zetu walikuja na bidhaa kutoka pwani wakasahau kurudi, na ami alilelewa kuamini kwamba kosa likielezwa kwa adabu hurekebishika. Akamsogelea Kanali, akainama kidogo. "Afande, samahani sana. Katika gofu, hesabu huenda kinyume." Kanali alimsikiliza kwa makini, tena kwa heshima, kisha akasema twende tukaongee vizuri kwenye gari. Hiyo ilikuwa Jumapili. Ami alirudi Alhamisi bila meno mawili ya mbele, na tangu siku hiyo ukimuuliza mbili na mbili ni ngapi, alikuuliza kwanza Kanali anasemaje.

Basi hesabu ya klabu ikageuzwa, na hakuna aliyeandika barua kulalamika. Kwa maafisa haikuwa shida. Mapigo mengi walikuwa nayo tayari; walichotakiwa kuchunga ni kutompita Kanali. Wachezaji wa kweli, akina daktari, wakaanza kuja alfajiri na kwenda na kadi zao nyumbani. Mimi nikabaki kusoma namba na kushangilia kinyumenyume. Wewe ungefanya nini? Nilikuwa na meno yangu yote na nilikuwa nimeyazoea.

Sasa, katika klabu hiyo hiyo, ndimo alimotokea Atim.

Baba yake, Koplo Oloya, alikuwa Mwacholi, mrefu, mkimya, askari aliyepangiwa kusimamia ukataji wa nyasi za uwanja kwa sababu hakujua kujipendekeza. Mzungu mmoja alipokuwa akifunga virago alimwachia chuma kimoja, namba saba. Kwa chuma hicho kimoja Oloya alijifundisha mwenyewe, kisha akamfundisha binti yake. Alikuwa mwalimu mkali. Pigo baya hakuligombeza, aliliangalia tu, na mtoto akaona afadhali angechapwa.

Atim akiwa na miaka saba aliweza kuudumbukiza mpira ndani ya ndoo kutoka hatua hamsini. Akiwa na tisa alimaliza nusu ya uwanja kwa mapigo arobaini na moja. Akiwa na kumi, makedi wetu, wale vijana wabeba mifuko ya vyuma, waliacha kucheza naye dau la sigara kwa kuwa hakupatikana mtu wa kuweka dau upande wa pili. Na alipofika kumi na moja, Jumatatu moja uwanja ukiwa umefungwa, alizunguka mashimo yote kumi na manane kwa mapigo sabini na manne. Chuma kimoja, viatu hakuna. Niliandika kadi ile kwa mkono wangu, nikaitia sahihi, nikaificha chini ya gazeti lililotandikwa kwenye kabati la mama yangu. Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile na sijaona tena kitu kama kile. Nilikaa kwenye nyasi nikalia, na sioni haya kusema.

Baba yake aliitazama kadi, akairudisha. "Shimo la tano," alisema. "Pale ulikuwa na haraka." Hiyo ndiyo sifa aliyompa.

Mwezi wa tatu mwaka 1975 Oloya alichukuliwa. Gari bila namba, watu wawili wenye miwani ya jua, siku ya mvua. Kosa lake lilikuwa kuzaliwa alikozaliwa, na askari wengi wa kwao walikuwa wametangulia kwa kosa hilo hilo. Mkewe, Concy, alikuwa akikaanga mihogo nje ya lango la klabu. Akaacha karai lake akaanza kuzunguka kambi moja hadi nyingine, na kila lango likamwambia jina hilo halipo. Ulipofika mwezi wa saba ndipo askari mmoja, mteja wake wa mihogo, alipomnong'oneza: yu hai, amekonda, yuko kwenye kambi iliyo chini ya Kanali Zubairi.

Siku hiyo hiyo Concy alinifuata nyuma ya stoo.

"Karani, wewe unasimama karibu na huyo mutu kila Jumapili. Muombe."

"Mama Atim," nikamwambia, "mimi ni karani wa kadi tu."

Alinitazama, akarudi kwenye mihogo yake. Jibu lile linanitia aibu mpaka leo.

Lakini Kanali, bila kujua, alitufungulia mlango mwenyewe. Mtu fulani alimsomea gazeti la nje lenye habari za watoto wa ajabu wa gofu, watoto wa miaka mitatu wanaopiga mpira mbele ya televisheni, na Kanali akaona wivu kwa niaba ya taifa. Akaalika timu ya watoto kutoka Zaire, Lubumbashi, ambako wana uwanja wao tangu enzi za Wabelgiji. Wakajibu wataleta mmoja, kwa sababu huyo mmoja anatosha. Kanali akasimama barazani.

"Sisi pia iko na toto. Toto ya Uganda nashinda toto ya Zaire, mimi nampa kitu yoyote anaomba. Yoyote! Mbele ya watu. Na sukari kilo mbili, na mche ya sabuni."

Watu walishangilia zaidi ile sukari. Ungeshangilia na wewe, kama ungekuwa umekunywa chai ya chumvi mwezi mzima.

Nikajikohoza. Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nadhani ulitoka kwenye aibu.

"Afande, kuna mtoto mmoja. Msichana."

"Msichana?" Kanali akakunja uso. "Nagonga vizuri?"

"Anapiga mengi, Afande."

"Mengi?"

"Mengi sana."

"Kale, sawa. Leta yeye."

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia Atim. Nilimkuta kwenye kijito cha bondeni, miguu ndani ya maji, anatafuta mipira iliyopotea. Nilimweleza yote: mgeni, ahadi ya Kanali, baba. Macho yakamng'aa. Kisha nikamweleza jinsi Kanali anavyohesabu.

"Kwa hiyo nikicheza vizuri baba harudi," alisema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Na nikicheza vibaya anarudi."

"Vibaya, lakini usimpite Kanali. Zaidi ya mgeni, chini ya mia na arobaini na tisa."

Akahesabu kwa vidole vilivyolowa. "Nane kila shimo. Mia na arobaini na nne." Halafu akatoa miguu majini. "Anko Hamdun, baba akisikia?"

"Atakuwa nje. Mtu akiwa nje atasikia chochote."

Hakuridhika, lakini aliitikia.

Alifanya mazoezi ya kukosa kwa wiki nzima, na niamini, ilikuwa karaha kutazama. Mtu asiyejua hukosa bila jasho. Mkono wa Atim ulikuwa umefunzwa miaka mingi kutokosa, na sasa ulikuwa ukimkatalia. Anakusudia mchangani, mpira unaruka mchanga na kutua penye bendera. Anakusudia mtoni, mpira unagonga jiwe na kurudi njiani. Siku ya tatu aliketi chini akakitupa chuma cha baba yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akalia kwa hasira. Siku ya tano akaanza kuweza. Akagundua kwamba kukosa nako kunataka shabaha: unachagua mahali pabaya, unapiga hapo hapo.

Wageni walifika mwezi wa nane. Mtoto aliitwa Valère, miaka kumi na mitatu, suruali nyeupe, mfuko wa vyuma kumi na vinne unaobebwa na mtu mzima. Mwalimu wake alikuwa Hippolyte, bwana mnene mwenye kofia ya ukindu. Kwao majina ya Kizungu yalikuwa yamepigwa marufuku, na mtu aliweza kushtakiwa kwa kubatizwa vibaya, lakini ndege ilipogusa Entebbe kila mmoja wao alilichukua tena lake. "Huku mulipo," Hippolyte aliniambia kwa furaha, "mutu ana uhuru." Nilimkubalia, kwa kuwa Kanali alikuwa amesimama nyuma yangu.

Mchezo ulianza saa tatu asubuhi. Kanali alifuata kwa jipu, juu ya nyasi ambazo Oloya alizipapasa kwa miaka sita. Concy aliruhusiwa kuingia kama mama wa mchezaji. Alivaa gauni lake la kanisani, akatembea nyuma kabisa, mkono mdomoni.

Valère alikuwa anajua. Kila pigo lake lilikuwa safi, na Atim alilitazama kila moja mpaka lilipotua. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikulifikiria nilipokuwa nikipanga ujanja wangu. Tangu azaliwe, huyu alikuwa mtoto wa kwanza wa kiwango chake kukutana naye. Huenda asimpate mwingine. Na mimi nilikuwa nimemwambia acheze naye kama mtu anayepalilia mtama.

Lakini alitii. Nane, saba, tisa, saba. Mchangani, majanini, mtoni. "Vizuri!" Kanali alipiga kelele kutoka kwenye jipu kila mpira ulipopotea. "Ongeza!" Hadi shimo la kumi na tano Atim alikuwa na mapigo mia na kumi na saba, na Valère sitini na manne. Kanali alikuwa anaimba.

Shimo la kumi na sita ni fupi. Unapiga kuvuka kijito, na bendera iko ng'ambo, juu kidogo, mbele ya michongoma. Valère alipiga wa kwanza, mpira ukatua hatua mbili kutoka shimoni. Kisha akageuka, akamwona Atim akipangusa chuma chake kwa pindo la gauni, na akafanya kosa la kuwa mtoto mwema. Akachomoa chuma chake kimoja, kinachometa, akampa.

"Kamata hii yangu, dada," alisema polepole. "Labda ya kwako njo iko mubaya. Haiko makosa yako."

Alimaanisha wema, na ndiyo maana iliuma. Atim alikitazama kile chuma. Akatikisa kichwa. Akasogea kwenye mpira wake, na nikaona mabega yake yakishuka namna yalivyoshuka ile Jumatatu, na nikajua. Nilitaka kumwita. Nilichelewa.

Mpira ulipanda juu ya kijito, ukadunda mara moja mbele ya bendera, ukatambaa, ukaingia shimoni.

Pigo moja. Kuna watu wanaocheza miaka hamsini na kufa bila kulipata. Hippolyte alirusha kofia yake hewani. Valère alikimbia akamkumbatia Atim, akamwinua kutoka ardhini, na wabeba mifuko wote wakapiga mayowe kabla ya kukumbuka walipo. Jipu likasimama.

"Karani! Toto yetu napata ngapi hapa?"

"Moja, Afande."

"Moja tu?"

"Moja tu, Afande."

Kanali akawatazama wageni wanaoruka ruka. Akavua miwani yake. "Kwa nini hawa watu nafurahi sana? Eh? Moja ni kitu gani ya kufurahi?"

Hapo maisha ya Oloya yalining'inia kwenye ulimi wangu. Concy alikuwa amechuchumaa kwenye nyasi. Atim alikuwa ameushika mdomo wake kwa mikono miwili, sasa ndiyo ameelewa alichokifanya. Kama mgeni yeyote angefungua kinywa na kumweleza Kanali maana ya ile moja, mbele ya watu mia mbili, basi Kanali angejua kwamba tumemcheka miaka miwili, na asingelijua hilo bila kulilipiza.

Aliyejibu ni ami yangu Tajudin. Alikuwa amesimama upande wa pili wa jipu, na alisema kwa upole wake ule ule wa zamani, maneno yakipita kwenye pengo la meno:

"Wanafurahia kuanguka kwetu, Afande."

Kanali alifikiri. "Wageni bila adabu," akasema mwishoni, akavaa miwani yake. "Toto! Usiogope! Ongeza!"

Na Atim akaongeza. Sitaki uchezaji ule usahaulike, kwa hiyo nitausema. Kwenye shimo la kumi na saba mpira ulifika mdomoni mwa shimo mara nne, ukazunguka ukingo na kutoka, kila mara kwa upana wa ukucha. Hakuna bahati mbaya inayokuja kwa kipimo namna hiyo. Hippolyte alikuwa ameokota kofia yake lakini hakuivaa. Akanisogelea.

"Karani. Huyu kadogo anakosa muzuri sana. Mutu anapiga moja, kisha anapiga tisa? Unambie."

"Baba yake yuko ndani," nilisema bila kumtazama.

"Ndani ya nini?"

Nikaangalia upande wa jipu. Hippolyte akaangalia nilikoangalia, kisha akamwangalia Concy kwenye nyasi. Hakuniuliza tena. Shimo la mwisho Atim alipata kumi na moja.

Jioni nilisimama barazani na kadi mbili. "Valère wa Lubumbashi, sabini na saba." Wazaire walianza kunyanyuka washangilie, Hippolyte akawashusha kwa kiganja. "Atim, binti wa hapa, mia na thelathini na nane."

Kanali alipiga ngumi mezani vikombe vikaruka. Valère alisimama, uso umekunjamana. "Lakini, mwalimu, miye njo..."

"Ikala chini," Hippolyte alisema. Kisha akamgeukia Kanali, akaweka kofia kifuani. "Kolonele, tumeshindwa. Mutoto wenu anapita wetu mbali. Ni kweli kabisa." Na neno hilo la mwisho alilisema akimtazama Atim.

Valère alilia machozi ya kweli, na Kanali akayachukua kuwa ushahidi. Akamwendea akampapasa kichwa. "Sabini na saba si mbaya kwa toto," akamwambia. "Wewe nakula vizuri, nakua, napata mia." Sijui kijana yule alikwenda kusema nini kwao. Namwomba radhi popote alipo.

Kikombe kilitoka Kikuubo, kwenye maduka ya mjini, kwa mfanyabiashara aliyepewa duka la Mhindi aliyefukuzwa, lenye vitu asivyovijua, na juu yake palisimama mwanamke wa bati mwenye raketi ya tenisi. Atim alikipokea pamoja na sukari na sabuni. Kanali akainua mkono watu wanyamaze.

"Sasa omba. Yoyote."

"Naomba baba yangu," Atim alisema.

"Baba yako nani?"

"Koplo Oloya. Yuko kwako, Afande."

Kanali aliangalia wageni, akaangalia mpiga picha wa gazeti, akaangalia maafisa wenzake waliokuwa wakiangalia viatu vyao. Alikuwa amesema yoyote, tena mara mbili, tena kwa sauti.

"Kitu ndogo hivyo?" akasema, akacheka. "Mimi nafikiri utaomba baiskeli. Karani, andika."

Niliandika nyuma ya kadi tupu ya gofu, kwa kuwa karatasi nyingine haikuwapo, naye akatia sahihi.

Jumatatu gazeti liliandika: Mapigo 138! Mtoto wa Ajabu Aiangusha Zaire. Mhariri alikuwa mchezaji mzuri wa gofu.

Oloya alitoka Jumatano mchana. Alitembea kwa miguu hadi chumba chao kwenye mteremko wa Mbuya, na njia nzima watu waliompenda na waliomwogopa walimpongeza kwa binti yake. Mia na thelathini na nane, Oloya, hongera! Mia na thelathini na nane! Nilifika jioni na begi langu, maana ilikuwa imekubaliwa waondoke alfajiri kuelekea Kenya kabla Kanali hajabadilisha mawazo, na mimi nilikuwa nimewatafutia lori. Nilimkuta ameketi kitandani, mifupa mitupu, chai yenye sukari mbele yake hajaigusa, kikombe cha bati mapajani. Fundi alikuwa amechonga namba chini ya yule mwanamke wa tenisi.

"Mia na thelathini na nane," alisema, si kwangu. "Miezi mitano tu sikuwepo."

Concy alijaribu kumwambia. Alimwambia Kanali anahesabu kinyume, akamwambia ilikuwa lazima. Alisikia, nadhani, lakini mtu aliyetoka kule anasikia kwa kuchelewa, na macho yake yalikuwa bado kwenye ile namba. Atim alisimama pembeni ya mlango. Hakujitetea. Alikuwa akingoja ule mtazamo.

Basi nilifungua begi. Nilikuwa nimekuja na kadi yenyewe, ile ya Jumapili, niliyoiandika shimo kwa shimo. Nikamwekea mapajani, juu ya kikombe.

Oloya aliisoma kama alivyosoma kadi zote, polepole, kwa kidole. Nane. Saba. Tisa. Saba. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Alipofika shimo la kumi na sita kidole kilisimama. Alikitoa kidole, akatazama, akakirudisha. Aliujua ule uwanja kila jani. Alijua kijito kilipo, na michongoma, na upepo wa saa sita unavyovuka pale. Akaangalia chuma namba saba kilichoegemezwa ukutani. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na mtu yule ambaye kambi haikumliza akalia mbele yetu bila kujificha, kidole bado kimeigandamiza ile moja.

Atim alimsogelea. Alidhani amemkosea.

"Nisamehe, baba," alisema. "Hapo nilijisahau."